Anaponuiza

Tampere, Jumatano. Theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha.
Meza moja, watu watano, mikate ya iliki,
na dadu za Veikko, moja imemeguka pembe.

"Nanuiza," asema Outi. "Kimyakimya.
Mlinzi wa lango asijue."

Pirjo, mwenye kuongoza mchezo, avua miwani.
Kimyakimya vipi? Uganga una neno,
una kidole cha kupindwa, una chumvi ya kurushwa.
Na mlinzi ana macho. Hajalala. Hata supu hajanywa.

"Nitakohoa juu ya neno."
"Na mkono?"
"Umo ndani ya joho."
"Na chumvi?"

Tukacheka hadi Veikko akapaliwa.
Dadu ikabingirika, ikagonga kikombe, ikasita:
tatu, kati ya ishirini.
Mlinzi ameona kila kitu.

Mlinzi nilikuwa mimi. Pirjo alinigawia
kwa kuwa shujaa wangu alishakufa tangu saa moja.
Na niliona kweli, ila si la langoni:
Outi, kicheko kikiwa bado mezani,
midomo ikihesabu kitu bila sauti,
mkono ukisukuma bahasha
mfukoni mwa koti la Veikko,
aliyeachishwa kazi kiwandani wiki iliyopita.

Neno lilikuwepo. Kidole kilipindwa.
Kwa hilo hakuna aliyerusha dadu.

"Mlinzi, unafanyaje?"

Nikasema mlinzi ameinama
kufunga kamba za buti.

"Buti la chuma lina kamba?"

Hili linazo, nikasema.
Na zimeingia fundo.