Mizani ya Shashi

Shuleni Rungwe niliambiwa mizani ni silabi,
kumi na sita kwa mshororo, ukizidisha umeharibu.
Leo mizani yangu ina betri na sahani ya plastiki,
na ninachohesabu hakina vina.

Julai. Loleza imejifunika ukungu hadi kidevuni.
Mezani amelala Tupokigwe wa Mwakaleli,
aliyeng'olewa jino akiwa darasa la tano
akatema damu siku nne, kikombe kwa kikombe,
mpaka babake akauza ndama kumfikisha mjini.
Dada yake Ngwitika hakupata jino la kumwonya.
Alijifungua, damu ikaenda na godoro,
na msibani watu wakatafuta mchawi.
Mchawi hakuwapo. Ilikuwa damu tu, kama maziwa
yanayokataa kuganda hata kibuyu kikae wiki.

Safari hii hatukungoja.
Wiki tatu alilala wodini, akifuma soksi za njano.
Dawa ya kulinda bonge lisiyeyuke
imetangulia mshipani, kabla ya kisu.
Sindano ya mgongo tumeikataa:
tundu dogo kule lingevujia ndani, penye uti.
Utegili wa barafu unayeyuka kwenye maji vuguvugu,
Ambwene wa maabara ameuinamia
kama kuku na yai moja.

Daktari Mahenge hana haraka, wala hakawii.
Kila kimshipa anakifunga, anakitazama, anakirudia,
kama mtu aliyefunga mlango akafika njiani
akarudi kuujaribu.

Shashi kavu, gramu ishirini.
Hii, sitini na tano. Arobaini na tano, natangaza.
Hii, themanini. Jumla mia moja na tano.
Macho hudanganya, macho huona nusu.
Zamani tuliandika "damu kiasi", tukafunga faili.
Wangapi tumewazika ndani ya neno hilo?

Mtoto analia. Wa kike.
Asichomwe paja mpaka damu ya kitovu ipimwe;
vitamini yake atapewa kwa matone.
Mia nne themanini.
Mji wa mimba unakaza, unalegea.
Mia sita.
"Rudia," anasema Mahenge, mkono umesimama hewani.
Narudia. Mia sita.
Mfuko wa pili wa utegili. Hakuna anayeongea.
Mia sita na ishirini na tano.
Kisha shashi moja inakuja karibu nyeupe,
gramu ishirini na mbili,
naipima mara tatu, siiamini.

Jioni alifumbua macho, midomo imemkauka.
"Ngapi?"
"Kilo tatu na robo," nikasema, "ana nywele nyingi."
"Hapana. Damu."
Nikamwambia.
Akaitamka ile namba polepole, mara mbili,
akageukia ukuta.
"Ya Ngwitika hakuna aliyeihesabu."

Usiku ule, kila saa,
niliinua blanketi kutazama shuka.