Mengineyo

Mimi ndiye niliyeandika mihtasari,
miaka kumi na moja, kikao baada ya kikao,
meza ya pembeni, chini ya feni isiyozunguka.
Mheshimiwa Sikujua Namkuna yumo humo
kwa mstari mmoja mmoja:
Mjumbe alihoji. Mjumbe alijibiwa.
Haya ni yale yaliyobaki kwenye kalamu.

Kwao Kitangari, juu kwenye uwanda,
ambako ndoo ya maji ina bei na ina zamu.
Aliteremka Mtwara na miaka kumi na sita,
akabangua korosho tisa mfululizo,
kwa kilo, si kwa saa.
Mafuta ya ganda hayana urafiki:
hula ngozi, huacha weusi,
kisha huula na ule weusi.

Madiwani wenzake walilipenda jina lake.
“Hata mamaake alikiri, Sikujua!”
Yeye alingoja kicheko kiishe
kama mtu anayengoja lori lipite,
halafu akasema, “Sasa nijibuni.”

Mwaka wa kusajili laini kwa alama za vidole
mashine ilimkataa.
Futa mkono, mama. Weka tena. Weka kingine.
Kumi vyote, hakuna hata kimoja chenye mistari.
Kijana wa usajili akamwuliza, kwa adabu kabisa,
“Huna vingine?”

Angeweza kucheka akaenda zake.
Alitoka nje akaanza kuhesabu:
Esha Chiputa, Binti Mnavila, Fatu wa Mkuti,
mjane wa Likwata aliyekosa kiinua mgongo
kwa sababu kidole chake hakikumtambua.
Arobaini na mmoja, mtaa mmoja.
Kazi iliyowalisha ndiyo iliyowafuta.

Akagombea. Akashindwa kwa kura kumi na tisa.
Akagombea tena.

Hoja yake ya kwanza mwenyekiti aliipeleka Mengineyo,
kule zinakopelekwa hoja saa saba mchana
pilau ikishaanza kunukia koridoni.
Kikao cha pili, Mengineyo.
Cha tano, Mengineyo.
Cha sita alikuja na wenyewe.
Waliketi sakafuni, arobaini na mmoja,
viganja wamevigeuza juu,
wala hakuna aliyefungua mdomo.
Niliandika: Kulikuwa na wageni.
Nisameheni.

Mwezi wa tisa ilikubaliwa, picha na barua ya mtaa zitoshe.
Glavu zilifika mwakani, pea mia mbili,
zote za mkono wa mwanamume mkubwa.
Wakazishona upya.

Msinitake nimchonge sanamu,
sisi Wamakonde tuna wachongaji wa kutosha.
Alichelewa. Aliwafokea wahudumu kwa ajili ya chai.
Kibanda cha bodaboda alichoahidi ni mchanga mpaka leo.
Na meza za wauza dagaa zilivunjwa,
kura kumi na saba kwa mbili,
moja yake, na ya pili sijui ilimponyoka nani.
Siku ile alijifungia chooni.
Nilisikia bomba limeachwa wazi, maji yanakwenda,
yanakwenda tu,
yeye aliyekulia kwenye zamu ya ndoo.

Mwisho wa muhula alikuja kusaini kitabu.
Kuandika anajua, mwandiko wake unaushinda wangu.
Alisaini, kisha akachovya dole gumba kwenye wino,
akalibandika kando ya jina.
Doa jeusi. Laini kama kokoto ya mtoni.
Sikuona mstari, nikaligeuzia dirishani,
sikuona.
“Na hiyo iandike,” akasema.
Nikamwuliza, chini ya ajenda ipi?