Haina Rafiki

Julai, Iyunga. Saa kumi na moja alfajiri.
Vioo vimelowa jasho, Loleza umezama ukunguni,
nami nimevaa makoti mawili na soksi za kaka.
Jiko nimeliacha barazani, lishike lenyewe.
Kazi yangu ni kuijaribu kompaila,
kuona inapobweka pasipo mwizi.

Naandika klasi ndogo, mistari saba.
Nimeiita Komeo.
Kiundaji chake nimekifanya faragha,
asije mpita njia akaunda apendavyo.
Ila humo humo ndani nimeacha mbinu moja, tuli,
ya klasi yenyewe,
inayonyoosha mkono na kufungua.

Nabonyeza. Feni inakohoa. Onyo, mstari wa kwanza:
klasi hii ina viundaji vya faragha tu,
na haina rafiki.

Nilicheka peke yangu mpaka chai ikamwagika.
Maana ndiyo maneno ya mama kila Jumapili,
simu ikikwaruza, mvua ya Tukuyu ikipiga bati nyuma yake:
Tusekile, umejifungia.
Miaka thelathini na minne, hata hodi huisikii.

Naisikia, mama.
Komeo liko upande wangu, basi.
Subilaga akigonga kwa pete yake, mara mbili,
bakuli la viazi likimuunguza vidole,
nani humfungulia?

Nikaandika ripoti: onyo la uongo.
Haikuuhesabu mlango unaofunguliwa kwa ndani.
Nikaambatisha mistari yangu saba, na namba ya toleo.
Wiki mbili baadaye wakarekebisha. Nikabonyeza tena.
Kimya.

Lakini mjaribu hauamini ukimya.
Mbwa asiyebweka kabisa huenda amekufa.
Kwa hiyo nikaandika ya pili:
faragha tupu, bila mbinu, bila rafiki,
ufunguo umetupwa ndani ya kisima.
Hiyo ikaibwekea, tena kwa haki,
nami nikaiacha ibweke.

Ilitaka jina.
Nikaandika Baba,
kama alivyokuwa mwaka ule wa mwisho, Mbalizi,
kiti kimeelekezwa ukutani,
sahani ya matoki imepoa kizingitini tangu mchana.

Nikafuta herufi tatu.
B.
Nikahifadhi, nikatoka kutazama mkaa.