Mwaka wa Nepi Mbichi

Masika yalinikuta Pasua na ndoo mbili za nepi,
kamba imejaa, mbingu haina habari.
Nikazianika juu ya jiko la mkaa, zikanuka moshi.
Mji huu na jina lake!
Nikacheka peke yangu saa tisa usiku.

Aikande ananyonya. Elinami, miaka miwili na kidogo,
analitaka titi alilokwisha kuliacha.
"La mtoto hilo," namwambia.
"Na mimi?"
Kweli, na yeye.
Nikampa la kushoto.

Mama mkwe alinipikia mtori miezi mitatu,
kisha akarudi Kibosho kwa ng'ombe wake.
Tangu hapo chai naipasha mara nne
na kuinywa imepoa.

Kliniki, nesi aliniuliza jina.
Nikamtajia ya wanangu, yote mawili, na tarehe, na kilo.
"La kwako, mama."
Nikalitafuta kama soksi.

Julai, mlima umejifunika wiki nzima,
Elinami akamlisha mdogo wake maharage,
moja moja, hadi likaingia la puani.
Nilifika Mawenzi na kandambili mbili za kushoto.

Sijasuka. Sijui Septemba iliishaje.

Leo kumetakata.
Aikande kasimama kwa kushika ndoo ile ile,
kaiachia: hatua moja, ya pili,
kisha kaketi kwa kishindo.
Kaka yake kapiga makofi, kanigeukia:
"Mama, lala."
Akanifunika kanga aliyoivuta kambani, mbichi bado.
Ilikuwa baridi.
Sikuitoa.