Ukurasa wa Arobaini na Tatu

Ripoti ina kurasa mia mbili na kumi.
Kelele za magari: zimepimwa.
Vumbi: limepimwa.
Njia ya maji ya mvua, lami ikishakauka:
imechorwa kwa rangi ya buluu.

Nje ya ukumbi wa halmashauri, hapa Ufini,
theluji ya Aprili inageuka tope.
Mwenyekiti Taisto anatazama saa.
Maduka, anasema. Ajira sitini.
Sina ugomvi na ajira; mwanangu mwenyewe hana kazi.

Lakini sheria inataka mtu aende akaangalie.
Basi nilikwenda.
Siku nne nilipiga magoti chini ya miti ya aspeni,
shina baada ya shina, kama aliyedondosha pete,
nikitafuta mavi.
Ndiyo, mavi: punje za manjano, ukubwa wa mchele,
za kindi arukaye usiku
ambaye, miaka kumi na tisa ya kazi hii,
sijawahi kumwona.

Punje thelathini na moja. Niliziandika
ukurasa wa arobaini na tatu, kwa lugha kavu ya ofisi:
"Dalili za makazi. Inashauriwa barabara isogezwe."

Taisto anafunua, anafunua, anaruka.
Vieno, mkutubi mstaafu, mjumbe wa kiti cha mwisho,
anainua mkono:
"Samahani. Hapa nyuma pameandikwa nini?"

Kimya.
Kisha karatasi, chakacha, chakacha,
na watu kumi na saba waliovaa vizuri
wameinamisha vichwa,
wanatafuta mavi.