Zima Tochi

Gelsenkirchen, chini ya kiwanda cha chuma kilichonyamaza,
Irmtraud anahesabu vidato: thelathini na kimoja.
Babu yake alisema ishirini.
Babu alisema mengi.

"Zima tochi," ananiambia.
Ukuta unang'aa kijani hafifu,
rangi ya enzi za mabomu,
bado inakunywa mwanga, bado inautema.

Chini kabisa, kimo cha mtu aliyechuchumaa,
msumari umekwaruza: Paraska, 1943,
na mistari sita. Siku? Wenzake?

"Alituapia humu walikuwamo majirani tu."

Anabandika kiganja kando ya jina.
Anawasha. Anazima. Anakiondoa.
Kivuli cha vidole vitano
kinabaki ukutani bila mwenyewe,
kinafifia.

Anabandika tena.