Makopo Mia Mbili na Kumi na Mawili

Mimi ndiye niliyeyahesabu.
Karani wa ghala, kalamu sikioni,
kiwanda cha sadini, Matosinhos, Jumanne ya mvua.
Mashine ya tatu imezimwa, sakafu yapigwa maji ya bomba,
na Deolinda ameshatolewa kwa mlango wa nyuma,
mkono umezongwa aproni ya mwenzake.
Msimamizi akasema, Andika.
Nikaandika: saa nne na dakika kumi asubuhi,
makopo mia mbili na kumi na mawili,
yameingia damu, yatupwe.
Sikuandika damu ya nani.
Daftari halikuwa na safu hiyo.

Makopo yalilipwa.
Siku kumi na tisa tu, bima ya bidhaa ikaleta hundi,
kopo kwa kopo: samaki, mafuta, nyanya,
hata karatasi ya kibandiko.

Vidole viwili vilisubiri.
Daktari wa bima alikuwa na jedwali:
cha shahada asilimia kadhaa,
cha kati pungufu kidogo.
Kidole kimoja hakivunji chawa, hilo twalijua sote;
jedwali halikusema vitatu vitavunja nini.
Deolinda akamuuliza, Na kumsuka mjukuu wangu
kumo ukurasa wa ngapi?
Daktari, kwa adabu,
akafunua kurasa. Akatafuta kweli.

Kisha ikaja barua.
Ajali, ilisema, ilitokea nyumbani,
Jumatatu jioni, akikatakata kabichi ya supu.
Na nyumbani hakuna fidia,
nyumbani kisu ni chako na bahati mbaya ni yako.
Msimamizi alikwisha tia saini.
Wanawake wa mashine ya tatu,
mikataba yao ya miezi sita sita,
walikumbuka, mmoja mmoja,
kwamba siku ile walikuwa wamegeukia dirishani.
Hakuna dirisha upande ule.

Nami niligeuka. Nina mkopo wa nyumba,
nina mama asiyeamka kitandani.

Alikuja kwangu Jumapili, hakukaa.
Alisema, Herminio, wewe huandika kila kitu.
Basi. Akashuka ngazi,
mkono ukitafuta reli, ukiikosa, ukiipata.

Daftari nililitoa chini ya koti
kama mwizi wa mkate.
Wakili wake alikuwa na mafua; alipenga kamasi kwanza,
ndipo akamuuliza yule wa bima:
Kama mama huyu alijikata kwake Jumatatu usiku,
damu mliyoilipia Jumanne asubuhi
ilikuwa ya samaki yupi?
Mtu mmoja nyuma akacheka.
Hakimu hakucheka. Aliomba kuliona daftari,
akasoma mwandiko wangu kwa sauti,
nami kwa mara ya kwanza
nikasikia nilichokuwa nimeandika.

Ijumaa nikaachishwa kazi.
Si kwa ajili hiyo, walisema; ghala linapunguzwa.

Deolinda hulipwa kila mwezi, si kingi.
Juzi tulikutana dukani, mbele ya rafu,
akashusha kopo, akatazama bei,
akagawa kichwani, midomo ikichezacheza.
Arobaini na moja, akasema. Kwa mwezi
mkono wangu ni makopo arobaini na moja.
Nikapiga hesabu mwenyewe, mazoea ya kazi.
Hakukosea.
Akalirudisha kopo mahali pake,
kibandiko kikitazama mbele,
akanunua mayai.